Bonde la Tryweryn: Neno, Lugha na Nchi Iliyofunikwa na Maji

Utangulizi

Katika kufundisha Historia ya Kanisa tumezoea kuanza na miji mikubwa: Wittenberg, Geneva, London. Ni mara chache tunapanda milimani ili kuuliza mambo yalikuwaje kwa wafugaji wa kondoo waliolipokea Neno katika lugha yao, wakajenga nyumba ya ibada kwa mawe ya kwao, na kuwazika wazazi wao ubavuni mwake. Makala hii inakusudia kufanya hivyo kwa kulitazama bonde moja dogo la kaskazini mwa Wales, yaani bonde la mto Tryweryn, ambalo sehemu yake ya juu imekuwa chini ya maji tangu mwaka 1965.

Swali linalotuongoza ni la kitheolojia, ingawa njia yetu ni ya historia. Sisi Waprotestanti hufundisha, tena hufundisha kweli, kwamba ibada haifungwi na mlima huu wala mji ule (Yn. 4:21-24). Je, mafundisho hayo yanatupa ruhusa ya kusema kwamba mahali si kitu? Bonde la Tryweryn linatulazimisha kulijibu swali hili kwa uangalifu zaidi kuliko tulivyozoea.

Bonde lenyewe

Wales ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, yenye watu wake na lugha yake, Kiwelisi, ambayo si tawi la Kiingereza bali ni lugha ya kale ya Waselti. Mto Tryweryn hutoka katika ziwa dogo lenye jina hilohilo, hupita kati ya milima miwili, Arenig Fawr wenye urefu wa mita 854 upande wa kusini, na Arenig Fach wenye mita 689 upande wa kaskazini, kisha huteremka hadi mji mdogo wa Bala na kuungana na mto Dyfrdwy, ambao Waingereza huuita Dee. Hapo Bala lipo pia ziwa Tegid, ambalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya asili katika Wales. Miamba ya Arenig ilitokana na volkano za zamani sana, na wanajiolojia wamelichukua jina la mlima huo kuwa jina la kipindi kimoja katika historia ya dunia.

Nchi hiyo ni ya mvua nyingi, baridi na udongo mchache. Mahindi hayaoti, na ngano hupatikana kwa shida. Ni nchi ya kondoo. Wazee wa huko walikuwa na makao mawili: hendre, yaani nyumba ya chini ya bondeni kwa majira ya baridi, na hafod, yaani makao ya juu mlimani wakati wa kiangazi, mifugo ilipofuata majani mabichi. Majina ya mashamba mengi yanaihifadhi desturi hiyo hadi leo, ijapokuwa desturi yenyewe imekwisha.

Kuna neno jingine la wafugaji hao ambalo litatusaidia mbele: cynefin. Maana yake ni mahali ambapo kundi limezoea, yaani ile sehemu ya mlima ambayo kondoo huijua kuwa ni yao ingawa haina ua wala ukuta. Kondoo jike humzoeza mwanawe mipaka hiyo kwa kutembea naye, na huyo humzoeza wake, kizazi hata kizazi. Kwa sababu hiyo shamba la mlimani linapouzwa, mara nyingi kundi huuzwa pamoja nalo. Kundi geni likiletwa hutangatanga, kwa kuwa halina wa kulifundisha. Mchungaji yeyote atakayelisikia neno hilo hatakosa kuwafikiria watu pia.

Waliokutana Hafod Fadog

Tukitaka kusema kweli juu ya bonde hili hatuna budi kukiri kwamba watu wa kwanza kuondolewa humo kwa nguvu katika historia tunayoijua vizuri hawakuondolewa na maji, bali waliondolewa na Wakristo wenzao.

Katika karne ya 17 mahubiri ya Jumuiya ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, yalifika katika milima ya Meirionnydd. George Fox mwenyewe alipita Wales mwaka 1657. Katika bonde la Tryweryn Marafiki walikutana katika shamba liitwalo Hafod Fadog. Kwa mikutano mikubwa walitumia kiwanja kilichozungushiwa ukuta mfupi wa mawe, juu ya nyumba, na upande wa pili walikuwa na makaburi yao. Kwa kuwa hawakukubali kula viapo, wala kulipa zaka kwa Kanisa la Serikali, wala kuacha mikutano yao, walitozwa faini, walinyang'anywa mifugo na kutiwa gerezani. Sheria ya kuwavumilia Waprotestanti wasiofuata Kanisa la Serikali ilipitishwa mwaka 1689 tu.

Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Kuanzia mwaka 1682 jamaa nyingi za eneo la Bala na Dolgellau zilivuka bahari kwenda Pennsylvania, katika nchi ambayo William Penn aliwauzia. Waliipa sehemu ya makao yao mapya jina la Merion, kwa kuikumbuka Meirionnydd. Na hapo pia historia haituruhusu kustarehe, maana nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, watu wa Lenape, ambao vizazi vilivyofuata viliwasukuma mbali na urithi wao. Yeye aliyefukuzwa hawezi daima kuwa na mikono safi. Walakini ni haki tuseme kwamba katika bonde hili dhambi ya kudharau mahali pa mtu pa kuabudia ilianzia ndani ya Kanisa, kabla haijatendwa na baraza la mji.

Bala na Kitabu

Sheria za mwaka 1536 na 1543 ziliiunganisha Wales na Uingereza na kuifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na ya ofisi. Kwa hali hiyo Kiwelisi kingeweza kufifia kama lugha nyingi zilivyofifia. Kilichozuia jambo hilo, pamoja na sababu nyingine, ni Biblia. Mwaka 1563 Bunge liliamuru Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, likiwa kazi ya William Salesbury hasa, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1588, kazi ya William Morgan, ambaye wakati huo alikuwa kasisi wa parokia ya mlimani, Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Tafsiri iliyosahihishwa ya mwaka 1620 ndiyo iliyosomwa kwa zaidi ya miaka mia tatu. Sisi Walutheri tunajua jinsi Biblia ya Luther ilivyowapa Wajerumani lugha moja ya maandishi. Kwa Wawelisi ilikuwa zaidi: iliwapa lugha yenye heshima wakati serikali ilikuwa imewanyima heshima hiyo.

Lakini kitabu kisichosomwa hakiokoi lugha wala mtu. Katika karne ya 18 Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror, alianzisha shule zilizohama toka kijiji hata kijiji zikiwafundisha watoto na watu wazima kuisoma Biblia. Baada yake Thomas Charles, aliyeishi Bala tangu miaka ya 1780, aliendeleza kazi hiyo kwa njia ya shule za Jumapili, ambazo katika Wales hazikuwa za watoto peke yao; babu aliketi pamoja na mjukuu wake wakaisoma sura moja.

Mwaka 1800 msichana mmoja jina lake Mary Jones, toka Llanfihangel-y-Pennant, alikwenda kwa miguu kama kilometa 40 hadi Bala kununua Biblia kwa Thomas Charles. Habari hii imesimuliwa kwa namna nyingi na kupambwa, lakini msichana huyo alikuwapo kweli, na uhaba wa Biblia za Kiwelisi ulikuwa wa kweli. Haja hiyo ndiyo Thomas Charles aliyoipeleka London, na mwaka 1804 kikaundwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje. Chama hichohicho, kabla ya mwisho wa karne ya 19, kilichapisha pia Maandiko kwa Kiswahili. Basi msomaji wa makala hii asidhani kwamba bonde hili liko mbali naye kabisa. Haja ya watu wa milima ile ni mojawapo ya chemchemi za mto uliotufikia sisi.

Mwaka 1811 hapo Bala, Wamethodisti wa Wales, ambao walifuata mafundisho ya Calvin, waliwabariki wachungaji wao wenyewe kwa mara ya kwanza, na hivyo wakawa kanisa lililojitenga na Kanisa la Serikali. Mwaka 1837 Lewis Edwards alifungua hapo chuo cha kuwaandaa watumishi. Ndugu zao wa kanisa la Independenti nao walikuwa na chuo chao Bala, na mkuu wake Michael D. Jones alikuwa miongoni mwa walioanzisha makao ya Wawelisi katika Patagonia, Argentina, mwaka 1865, akihofu kwamba lugha na imani ya watu wake havitadumu chini ya Waingereza. Mji huo mdogo ulikuwa, kwa kadiri yake, mji wa wanatheolojia.

Nje ya mji huo, juu katika bonde la Tryweryn, ndipo kilipokuwa kijiji cha Capel Celyn. Kilikuwa na nyumba ya ibada ya Wamethodisti hao pamoja na makaburi yake, shule, posta, na mashamba yaliyotawanyika pande zote. Watu walisali, walijifunza, waliimba na kufanya biashara zao kwa Kiwelisi. Hakikuwa kijiji mashuhuri, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa na madhara yake.

Sheria ya mwaka 1957

Mji wa Liverpool ulikuwa umekwisha kuchota maji Wales. Katika miaka ya 1880 ulijenga bwawa katika bonde la Efyrnwy, na kijiji cha Llanwddyn kilizama pamoja na kanisa lake. Katika miaka ya 1950 mji huo ulitafuta maji mengine. Fikira ya awali ilielekea Dolanog, mahali penye kanisa lililojengwa kwa ukumbusho wa Ann Griffiths, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za kiroho aliyefariki mwaka 1805. Watu wa Wales walipiga kelele, na macho ya mji yakageukia Tryweryn. Mahali penye jina paliachwa, na mahali pasipo jina pakachukuliwa.

Haifai kuwasema watu wa Liverpool kana kwamba hawakuwa na haja. Mji huo ulipigwa mabomu vibaya mwaka 1941, na maelfu ya watu wake waliishi katika nyumba duni zisizo na maji ya kutosha. Tena maelfu ya Wawelisi walikuwa wakiishi humo. Walikuwa na makanisa yao, na tamasha lao kuu la mashairi na nyimbo, Eisteddfod ya Taifa, lilifanyika humo mwaka 1929. Lakini mji ulitaka maji kwa ajili ya viwanda na kwa ajili ya kuuza pia, na njia uliyoitumia ndiyo iliyoumiza zaidi. Badala ya kuomba kibali kwa mabaraza ya Wales, ulipeleka muswada wake moja kwa moja katika Bunge la London.

Wanakijiji waliunda kamati ya utetezi. Tarehe 21 Novemba 1956 karibu watu wote wa Capel Celyn, wazee kwa watoto, waliandamana katika barabara za Liverpool wakiomba nyumba zao zisizamishwe. Sheria ilipitishwa tarehe 1 Agosti 1957, na hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyeupigia muswada huo kura ya kukubali. Yafaa ikumbukwe pia kwamba bonde lilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri iliyotangazwa mwaka 1951. Uzuri wa milima ulikuwa umelindwa kwa sheria. Watu walioishi chini yake hawakulindwa.

Msomaji wa Agano la Kale atakuwa amekwisha kulikumbuka shamba la Nabothi (1 Fal. 21). Mfalme Ahabu naye alitoa bei, na bei yake haikuwa mbaya. Alichoshindwa kufahamu ni kwamba Nabothi hakuwa akitetea thamani ya shamba, bali urithi wa baba zake ambao hakuhesabu kuwa ni wake kuuuza. Katika hesabu za Liverpool bonde lilikuwa eka zipatazo 800, nyumba na mashamba 12, na watu 48 wa kuhamishwa kati ya 67 waliokaa humo. Hesabu hizo zilikuwa sahihi. Hazikuwa na safu ya kuandika cynefin.

Ibada ya mwisho na maji

Shule ilifungwa katika kiangazi cha mwaka 1963. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo ibada ya mwisho ilifanyika. Kisha jengo likabomolewa.

Yalibaki makaburi. Jamaa za marehemu waliruhusiwa kuwahamisha wafu wao wakipenda. Miili minane ilifukuliwa na kuzikwa mahali pengine. Wengine wote waliachwa walipolala. Sisi tunaozika watu tunajua uzito wa jambo hili. Ni neno gani mchungaji angemwambia mjane aliyepaswa kuamua kama mumewe afukuliwe au afunikwe na maji? Kwamba ufufuo hautazuiliwa na maji ni kweli, na bahari nayo itawatoa wafu walio ndani yake (Ufu. 20:13). Lakini mchungaji anayelitamka jibu hilo kwa haraka, kabla ya kulia pamoja na aliaye, amelitumia Neno kama kifuniko.

Tarehe 21 Oktoba 1965 bwawa lilifunguliwa rasmi. Sherehe ilidumu dakika chache tu, kwa maana waandamanaji walipiga kelele na kukata nyaya za vipaza sauti. Ziwa jipya liliitwa Llyn Celyn, lenye urefu wa kilometa 4 hivi. Chini yake kilikuwa kijiji, na kadhalika Hafod Fadog pamoja na makaburi ya Marafiki. Hivyo watesi na walioteswa, Kanisa la zamani na jipya, walifunikwa na maji mamoja.

Baada ya maji

Mwaka 1967 nyumba ndogo ya ukumbusho ilikamilika kando ya ziwa, ikijengwa kwa mawe ya bonde hilo, na mawe ya makaburi yakawekwa karibu nayo. Lipo pia jiwe la kuwakumbuka Wakweka wa Hafod Fadog. Maji ya ziwa huachiliwa katika mto Tryweryn na kufika Dyfrdwy, na huchotwa mbali huko chini karibu na Chester. Katika mto huo chini ya bwawa watu huja kucheza kwa mashua za mpira.

Wales haikubaki vilevile. Mwaka 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa hotuba katika redio akionya kwamba lugha itakufa watu wasipoitetea, na mwaka huohuo Chama cha Lugha ya Kiwelisi kikaundwa. Julai 1966 Gwynfor Evans, aliyekuwa amekwenda Liverpool kulitetea bonde, alichaguliwa kuwa mbunge wa kwanza wa chama cha taifa, Plaid Cymru. Kwenye ukuta uliobomoka karibu na Llanrhystud mtu aliandika maneno mawili, Cofiwch Dryweryn, yaani Kumbukeni Tryweryn. Ukuta huo ulipobomolewa sehemu mwaka 2019, ulijengwa upya, na maneno yake yakaandikwa kwenye kuta nyingi nchini kote. Oktoba 2005 Baraza la Mji wa Liverpool liliomba radhi. Wengi waliolilia bonde walikuwa wamekwisha kufa.

Hata hivyo kumbukumbu si sawa na uhai. Mwaka 1961 wenye kusema Kiwelisi walikuwa asilimia 26 ya watu wa Wales. Katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa asilimia 17.8. Biblia ya William Morgan haijapotea hata neno moja. Imepungukiwa na vijiji ambamo babu huketi na mjukuu wake kuisoma.

Hitimisho

Turudi kwenye swali letu. Watu wa Capel Celyn walikuwa wafuasi wa Calvin, na theolojia yao haikuwafundisha kwamba jengo au udongo ni mtakatifu. Hata hivyo walipoaga walilia, na machozi yao yaliona mbali kuliko mafundisho yao. Hapa mapokeo yetu ya Kilutheri yana neno la kusema. Katika mabishano juu ya Meza ya Bwana baba zetu walishikilia kwamba kitu chenye mipaka chaweza kumbeba yeye asiye na mipaka. Mungu hatufikii hewani. Hutufikia katika maji, mkate na divai, na katika sauti ya mtu asemaye lugha fulani, mahali fulani. Ibada haifungwi na mahali. Lakini hakuna ibada iliyowahi kufanyika pasipo mahali. Mahali hapo hapageuki kuwa mungu, ila pamekuwa shahidi, na kumwangamiza shahidi si jambo dogo.

Pili, Kanisa linapomwinukia Ahabu, na liinuke kwanza kwa toba. Wanaotetea makaburi yao waulize ni makaburi ya nani waliyoyapita bila kuvua kofia.

Tatu, kuna wajibu mdogo ulio mikononi mwa kila mchungaji. Tryweryn ilichukuliwa kwa sababu haikuwa na jina mbele ya wenye kuamua. Kitabu cha usharika chenye majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, pamoja na majina ya vilima, visima na mipaka kama wazee wanavyoyataja, ni ushahidi kwamba mahali hapo pana watu. Tukiandike kwa usahihi na kukitunza. Yeremia alinunua shamba Anathothi wakati jeshi lilikuwa limeuzunguka mji, akaagiza hati zake zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi (Yer. 32:6-15). Hakuwa na uwezo wa kulizuia jeshi. Alikuwa na uwezo wa kuandika, mbele ya mashahidi, kwamba shamba lile lilikuwa na mwenyewe.